Je, Wajua? Mtoto Naye Ana Mawazo

Jioni moja tulikuwa barazani, watoto wa mtaa wakicheza chandimu kwenye kiwanja cha jirani. Mpira wa makaratasi ukawaponyoka, ukabingirika mpaka miguuni pa mvulana wa darasa la sita aliyekuwa amekaa peke yake ukutani. Hakuupiga. Aliutazama tu mpaka mwenzake akaja kuuokota. Mama mmoja akasema, "Huyu mtoto siku hizi ana mawazo." Wa pili akaangua kicheko: "Mtoto ana mawazo gani? Hata bei ya unga haijui!" Tukacheka sote, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya unga.

Kicheko kile kina historia ndefu. Kwa miaka mingi hata mabingwa wa magonjwa ya akili walikicheka, ila wao walitumia istilahi nzito. Ugonjwa wenyewe wataalamu wa Tanzania huuita sonona: huzuni au kukosa hamu kusikoondoka kwa wiki mbili au zaidi, kukiambatana na mabadiliko ya usingizi, ulaji, nguvu na fikra, hadi maisha ya kila siku yanakwama. Haya hapa ni baadhi ya mambo yaliyogunduliwa tangu watafiti walipoacha kucheka wakaanza kutazama.

1. Zamani ilisemwa kwamba sonona ya watoto haipo

Hadi miaka ya 1960, wataalamu wengi waliofuata mafundisho ya Sigmund Freud waliamini kwamba mtoto hawezi kupata sonona. Hoja yao ilikuwa hivi: sonona ni dhamiri ya mtu inapomgeukia mwenyewe na kumshitaki, mtoto hajakomaa kiasi cha kuwa na dhamiri kali namna hiyo, basi hana mshitaki, na asiye na mshitaki hana kesi. Ilikuwa hoja safi, kasoro tu watoto hawakuisoma.

Kisha likaja wazo la "sonona iliyojificha". Utoro, ugomvi, kukojoa kitandani na maumivu ya tumbo yasiyo na chanzo vikahesabiwa kuwa barakoa ya huzuni. Ilikuwa hatua mbele, lakini kwa kipimo hicho karibu kila mtoto mtundu angeitwa mgonjwa. Mwaka 1980 mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, katika toleo lake la tatu, ulikubali jambo rahisi: dalili za msingi zinazotafutwa kwa mtu mzima zinaweza kutafutwa kwa mtoto pia. Karibu na wakati huohuo mtafiti Maria Kovacs alitunga dodoso la vipengele 27. Kila kipengele kina sentensi tatu, na mtoto mwenyewe anachagua ile inayomfanana. Si mama wala mwalimu anayejibu, ni mtoto. Kwa nyakati zile, kumuuliza mwenye maumivu kulikuwa jambo geni.

2. Watoto wa gerezani waliwashinda watoto wa kituo safi

Mwaka 1945 daktari René Spitz, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, alichapisha ulinganisho uliowashtua wengi. Upande mmoja kulikuwa na kituo cha kulelea watoto waliotenganishwa na mama zao: safi, chenye chakula bora na daktari anayepita kila siku. Muuguzi mmoja alihudumia watoto wanane au zaidi. Shuka zilitundikwa kuzunguka vitanda, hivyo mtoto aliyelala chali aliona dari tu. Upande wa pili kulikuwa na kitengo cha watoto ndani ya gereza la wanawake, ambako mama wafungwa waliwalea wenyewe watoto wao.

Wale wa gerezani walikua, wakatembea, wakasema. Wale wa kituo safi walilia kwanza, kisha wakanyamaza, wakapungua uzito, wakageuzia nyuso zao ukutani. Zaidi ya theluthi yao walifariki kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Wahenga walikwisha kuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, ila pale kimya kilisomwa kama utulivu. Spitz alipiga filamu ya watoto hao na kuionyesha mwaka 1947.

Wenzake walimkosoa, na kwa haki: makundi yale mawili yalitofautiana kwa mengi zaidi ya uwepo wa mama. Jibu imara zaidi lilisubiri hadi mradi ulioanza mwaka 2000 jijini Bucharest, Romania. Watoto 136 waliokuwa katika vituo vya yatima waligawanywa kwa kura: nusu wakapelekwa kwenye familia za kambo zilizoandaliwa, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya huko. Walipokaribia miaka mitano, matatizo ya hofu na huzuni kwa waliopata familia yalikuwa nusu tu ya yale ya wenzao.

3. Uso wa mama ukiganda kwa dakika mbili, mtoto huhangaika

Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani alibuni jaribio ambalo mzazi yeyote akiliona hukunja uso. Mama anacheza na mtoto wake wa miezi michache, wanatazamana, wanacheka, wanajibizana kwa sauti za kitoto. Kisha mama anaambiwa aendelee kumtazama mtoto, lakini uso wake usionyeshe chochote.

Mtoto hugundua mara moja. Kwanza anatabasamu, ile hila iliyomfanyia kazi siku zote. Haileti kitu. Anajaribu tena kwa sauti, kwa kunyoosha mikono, kwa kuinama mbele. Akishindwa anageuza uso pembeni, mwili unalegea, wengine wanalia. Yote hayo ndani ya dakika mbili au tatu, na mama yuko palepale mbele yake. Tronick alionyesha kwamba mtoto mchanga hapokei tu hisia za mama kama kikapu kinavyopokea machungwa. Ni mshiriki katika mazungumzo, na mazungumzo yakikatika hutafuta kuyaunga.

Jambo la kutuliza ni kwamba mama akirudisha uso wake, wengi hutulia. Tronick mwenyewe alisisitiza kwamba hata mama na mtoto wanaopendana hupishana mara nyingi kwa siku, na kwamba kinachomjenga mtoto ni kule kurudiana baada ya kupishana.

4. Utafiti maarufu wa mapenzi ya mama na mtoto ulianzia vijiji vya Uganda

Vitabu vingi vya saikolojia vinamtaja Mary Ainsworth na maabara yake ya Baltimore, Marekani. Vichache vinakumbusha kwamba alianza kuona alichokiona akiwa amekaa kwenye sebule za Waganda, karibu na Kampala.

Alifika mwaka 1954 akimfuata mumewe aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Akiwa na mkalimani, alizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28, kila baada ya wiki mbili hivi, saa mbili kila ziara, kwa miezi kadhaa. Alikuja na imani kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa. Watoto wakaibatilisha. Aliona mtoto anayetambaa akimwacha mama aende kuchunguza chumba, kisha akigeuka kumtazama kana kwamba anahakikisha nanga bado iko chini. Aliona watoto wakimpokea mama aliyerudi kwa kumpigia makofi, salamu ambayo baadaye hakuikuta kwa watoto wa Baltimore, waliozoea zaidi kukumbatia na kubusu.

Kuna jambo dogo aliloliandika ambalo lina uzito mkubwa. Mama ambao watoto wao walikuwa na utulivu walikuwa wasimulizi wazuri. Ukimuuliza habari za mtoto, anakupa vitu vidogovidogo: jana alikataa uji, anapenda sauti ya kuku, akisinzia hushika sikio. Alikuwa anamtazama. Kitabu chake kuhusu watoto wachanga wa Uganda kilitoka mwaka 1967.

5. Sonona ya mtoto huweza kuvaa hasira badala ya machozi

Mtu mzima mwenye sonona mara nyingi tunamtarajia alie au ajifungie. Mwongozo wa Marekani unaruhusu jambo moja kwa watoto na vijana pekee: pale panapotakiwa huzuni, hasira za karibu na kuudhika kwa kila kitu huweza kuhesabiwa. Ndiyo maana mtoto anayehitaji kusikilizwa huishia kupewa adhabu. Amejibu vibaya, amemsukuma mdogo wake, amerusha daftari, na hakuna aliyeuliza tangu lini.

Wanyarwanda walikuwa na neno. Watafiti waliozungumza na familia zilizoguswa na VVU mashariki mwa Rwanda, na kuchapisha matokeo mwaka 2011, waliwaomba watu wataje shida za watoto kwa maneno yao wenyewe. Walitajiwa *agahinda kenshi*, huzuni nyingi iliyokaa. *Kwiheba*, kukata tamaa. *Guhangayika*, wasiwasi ambao Mswahili anausikia mara moja kwenye neno letu kuhangaika. Na *umushiha*, hasira ya kudumu ya mtoto asiyeweza kupatana na mtu. Familia hizo ziliiweka hasira hiyo kwenye orodha moja na huzuni bila kusubiri mwongozo wowote.

6. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuugua, na mwanasesere akamsemea

Joan Luby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, wametumia zaidi ya miaka ishirini kuchunguza sonona kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita. Unamhojije mtoto ambaye hajajua kusoma wala kutaja alichonacho rohoni? Mojawapo ya njia walizotumia ni wanasesere wawili wa mkononi wenye sura za vibwa. Mmoja anasema, kwa mfano, kwamba yeye huwa na huzuni mara nyingi; wa pili anasema yeye hana. Kisha wanamgeukia mtoto: wewe je? Hakuna jibu baya, maana kila upande una rafiki. Mtoto ambaye angemnyamazia daktari anamjibu mwanasesere.

Dalili iliyowatenga wagonjwa na wenzao haikuwa kulia, kwani watoto wa umri huo hulia kwa lolote. Ilikuwa kukosa raha katika mchezo. Mtoto mdogo asiye na sonona mara nyingi hucheza hata akiwa na homa kidogo. Asiyeona raha ya kucheza anatuambia jambo. Hapa nikamkumbuka yule mvulana wa ukutani na mpira uliosimama miguuni pake.

Timu hiyohiyo ilifanya jaribio jingine. Mtoto aliwekewa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kumetameta, akaambiwa asiiguse mpaka mama amalize kujaza fomu. Jambo la kawaida kabisa la nyumbani: mtoto anataka, mama ana shughuli. Watafiti walihesabu mama alivyomsaidia mtoto kungoja bila kumkaripia wala kumpuuza. Miaka kadhaa baadaye watoto 92 walipigwa picha za ubongo. Miongoni mwa wasio na sonona, waliokuwa na mama wenye kuwaliwaza walikuwa na hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu na kutuliza msongo, kubwa zaidi kwa karibu asilimia 10. Matokeo yalitoka mwaka 2012.

7. Balehe huwatenga wasichana na wavulana

Kabla ya balehe, wavulana na wasichana huugua sonona kwa kiwango kinachokaribiana. Kuanzia miaka 12 au 13 mstari wa wasichana hupanda, na kufikia ujana wasichana ni takriban mara mbili ya wavulana. Sababu ni nyingi na zimefungamana: homoni, usingizi, unyanyasaji, macho ya watu juu ya mwili unaobadilika. Mojawapo aliichunguza Susan Nolen-Hoeksema, nayo inaeleweka haraka kwa yeyote aliyefuga ng'ombe: kucheua.

Ng'ombe hula, hulala chini, kisha hukirudisha chakula kinywani akakitafuna upya. Kuna watu hufanya hivyo na maumivu: wanayarudisha, wanayatafuna, wanayameza, wanayarudisha tena, bila kufika kwenye hatua ya kutenda. Nolen-Hoeksema alikuwa amewahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford kuhusu tabia hiyo siku 14 tu kabla ya tetemeko la ardhi lililoipiga California mwezi Oktoba 1989. Aliwarudia baadaye. Waliokuwa na mazoea ya kucheua kabla ya tetemeko ndio waliokuwa na dalili nyingi za sonona baada yake.

Mwaka 2002 Amanda Rose wa Chuo Kikuu cha Missouri akaongeza fundo jingine. Marafiki wanaokaa na kuchambua shida zao, saa baada ya saa, urafiki wao huwa wa karibu zaidi, na wakati huohuo dalili zao za huzuni huwa nyingi zaidi. Kumwambia rafiki ni dawa. Kumwambia jambo lilelile kila jioni bila kulitafutia njia ni kucheua wawili wawili.

8. Kijana anayechelewa kuamka si lazima awe mvivu

Mwaka 1976 Mary Carskadon alianzisha kambi ya usingizi ya likizo huko Stanford. Watoto walirudi mwaka hadi mwaka wakikua, na kila usiku walipewa saa 10 kitandani. Ilitarajiwa kwamba kadiri wanavyokua watahitaji usingizi mchache. Haikuwa hivyo: wakubwa kwa wadogo walilala zaidi ya saa 9. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba balehe husogeza mbele saa ya ndani ya mwili, ile inayoamua usingizi uje lini. Kijana halali mapema kwa sababu mwili wake haujamwambia ni usiku, na asubuhi anaamshwa kabla mwili haujamaliza.

Ukosefu wa usingizi na sonona huongozana kama chanda na pete, kila kimoja kikikaza kingine. Kengele ya bweni ya alfajiri haijui hilo. Kabla hujasema "mvivu huyu", hesabu saa alizolala.

9. Waacholi huuita "ugonjwa wa mawazo"

Vita vya kaskazini mwa Uganda vilipowasukuma watu kambini, watafiti hawakuanza na dodoso kutoka ng'ambo. Waliwauliza wenyeji: vijana wenu wana shida gani? Kwa Kiacholi walitajiwa *par*, *kumu* na *two tam*. La mwisho, likifasiriwa neno kwa neno, ni ugonjwa wa mawazo. Miongoni mwa dalili walizotaja ni kijana kukaa akiwa ameegemeza shavu kiganjani. Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Hilo tunaliita kushika tama.

Kwa kipimo kilichojengwa juu ya maneno hayo, vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 katika kambi mbili waligawanywa kwa kura makundi matatu. Kundi la kwanza lilikutana kila wiki, kwa wiki 16, kuzungumzia huzuni yao inahusiana na nani na nini: msiba, ugomvi, kuhama, upweke. La pili lilipewa michezo na sanaa. La tatu lilisubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba mikutano ya mazungumzo iliwasaidia wasichana waziwazi, kwa wavulana tofauti haikutosha kuthibitishwa, na michezo peke yake haikupunguza sonona. Hilo linatufundisha mambo mawili: maneno ya wenyeji yanaweza kubeba sayansi, na wavulana bado wanatudai mlango wao.

Kiswahili nacho kina ghala lake: huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, ukiwa, kihoro, unyonge, kusononeka. Si visawe vitupu. Mwenye ukiwa anamkosa mtu. Mwenye kihoro amepigwa na habari. Mnyonge hana nguvu. Mtoto aliyefundishwa kuyatenganisha ana vikapu vingi vya kupangia yaliyomo moyoni. Aliyepewa neno moja tu, "nimeboreka", analazimika kutupia kila kitu humo.

10. Wahitimu wa sekondari wanaweza kuwa matabibu

Afrika Mashariki haina madaktari wa akili wa kuwatosha watoto. Kundi la vijana watafiti wa Kenya na Marekani likajiuliza kama ni lazima awe daktari. Wakatunga mafunzo ya vikao vinne vya saa moja moja, wakayapa jina la Kiswahili, Shamiri, yaani kustawi na kuenea. Hayataji ugonjwa. Yanafundisha kwamba mtu na akili yake hubadilika kwa juhudi, yanawazoesha vijana kushukuru, na yanawaomba wataje mambo wanayoyathamini na wayatende. Viongozi wa vikao ni vijana waliomaliza sekondari juzijuzi tu.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, wanafunzi 413 wa sekondari katika kaunti za Nairobi na Kiambu wenye dalili za sonona au wasiwasi waligawanywa kwa kura: wengine Shamiri, wengine vikao vya mbinu za kusoma. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini la Shamiri lilipata zaidi.

Lisije likadhaniwa kila somo la shuleni hufaulu. Uingereza ilijaribu kuwafundisha zaidi ya wanafunzi 8,000 mazoezi ya kutuliza akili na kuwa makini na wakati uliopo, wagonjwa na wazima pamoja. Ripoti ya mwaka 2022 ikasema hayakushinda mafundisho ya kawaida. Dawa nzuri hupewa anayeihitaji, naye awe ameridhia kuinywa.

11. Yatima wa Moshi na Bungoma walikutana na walezi wao vikaoni

Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi au wazazi, nusu Moshi nchini Tanzania na nusu Bungoma nchini Kenya, walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2020. Nusu walipata vikao 12 vya kikundi vilivyoongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Humo, mtoto husaidiwa kusimulia kifo kilichomtisha, kidogo kidogo, hadi hadithi isiyosemeka iweze kusemwa. Na mlezi hufundishwa kuisikia bila kuikatiza. Baada ya vikao, dalili za mshtuko zilipungua kuliko kwa wasiovipata katika maeneo matatu kati ya manne: mji na kijiji upande wa Kenya, na mji upande wa Tanzania. Kijijini upande wa Tanzania tofauti haikuonekana. Matokeo ya kweli huwa hivyo, hayanyooki kama mstari wa rula.

12. Ya haraka haraka

- Mtoto mchanga hulia bila machozi katika wiki za mwanzo. Charles Darwin aliandika mwaka 1872 kwamba kwa bahati mbaya pindo la mkono wa koti lake lilimgusa jichoni mwanawe wa siku 77: jicho lililoguswa lilitoa machozi, la pili likabaki kavu au kulowa kidogo tu, ingawa mtoto alipiga mayowe.

- Mwaka 2003 jeni moja ilivuma duniani kwamba ndiyo inayowafanya baadhi ya watu waugue sonona wakipatwa na shida. Mwaka 2019 uchunguzi wa sampuli kubwa mno haukuona ushahidi wa dai hilo. Hakuna "jeni ya sonona". Ziko nyingi, kila moja na mchango mdogo.

- Katika jaribio la Marekani la mwaka 2004 lenye vijana 439 wa miaka 12 hadi 17, waliopata nafuu kubwa walikuwa asilimia 71 kwa waliopewa dawa ya fluoksetini pamoja na tiba ya mazungumzo, 61 kwa dawa peke yake, 43 kwa mazungumzo peke yake, na 35 kwa kidonge kisicho na dawa. Mwaka huohuo Marekani iliagiza dawa za jamii hiyo ziwekewe onyo kali, kwa kuwa baadhi ya vijana huweza kupata mawazo ya kujidhuru, hasa mwanzoni. Ni dawa za kutumiwa chini ya macho ya daktari, si za kuulizia duka la dawa.

- Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa la wanafunzi 42 lina wastani wa sita.

13. Mtu mzima mmoja anaweza kutosha

Kisiwani Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto wote 698 waliozaliwa mwaka 1955, wakawafuata hadi utu uzima. Baadhi walizaliwa katika dhiki zilizorundikana: umaskini, uzazi mgumu, wazazi walevi au wagonjwa wa akili, nyumba za ugomvi. Ilitarajiwa wote waharibikiwe. Theluthi moja ya watoto hao wa dhiki walikua wakawa watu wazima wenye kujiamini, kazi na upendo.

Werner alitafuta walichokuwa nacho. Jambo lililojirudia ni kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mmoja mzima aliyemshikilia. Si lazima mzazi. Wengine walikuwa na bibi, wengine mwalimu, wengine jirani. Sisi husema mkono mmoja haulei mwana, na ni kweli. Kauai inaongeza kwamba mkono mmoja usiochoka huweza kumzuia asizame mpaka mingine ifike.

Mkono huo una kazi zinazojulikana. Ukiona mabadiliko yaliyodumu wiki mbili au zaidi katika mchezo, usingizi, chakula, masomo au hasira, mpeleke mtoto zahanati na useme yote, si tumbo tu linalouma kila Jumatatu. Akizungumzia kufa au kujidhuru, usimkemee na usimwache peke yake. Tafuta msaada siku hiyohiyo. Nchini Kenya, Tanzania na Uganda, namba 116 ni simu ya bure ya kumsaidia mtoto, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Na kama hujui pa kuanzia, kumbuka wale vibwa wa St. Louis. Usimkabili mtoto kwa "una nini wewe?" Kaa ubavuni pake, sema kwamba kuna watoto siku hizi mchezo hauwapi raha na kuna wengine unawapa, kisha ungoje. Jioni ile barazani tulikuwa watu wazima sita, na ukuta aliokalia yule mvulana ulikuwa hatua kumi kutoka kwetu. Tulijua bei ya unga kwa shilingi. Kutoka hapo hadi kwake ilikuwa kazi ya kunyanyuka tu.